Muulize Nzula

Themanini na saba. Ndiyo alama tuliyoamkia Jumatatu, na ungekuwa mtihani wa hisabati ningempigia mama yangu simu. Lakini hii ni alama ambayo ukipata kubwa umefeli.

Ofisini kwetu Hurlingham, ghorofa ya nne, tunatengeneza mfumo unaowapangia wagonjwa wa figo siku na mashine za kusafishwa damu, katika kliniki kumi na nne. Kuna kipimo kinachopita ndani ya msimbo wetu kikihesabu njia. Kila mahali palipoandikwa "kama", kama mgonjwa ni wa asubuhi fanya hivi, kama sivyo fanya vile, kinaongeza moja. Mpaka wetu ni kumi. Kumi kushuka chini rangi ni kijani, juu yake nyekundu. Maana yake ni rahisi: njia zikizidi, mtu akisoma anapotea. Na ile sehemu inayopanga wagonjwa, moyo wa mfumo wote, ilikuwa na themanini na saba.

"Nzula, wale watu wa kaunti wanakuja kukagua Friday," Karanja, mkubwa wetu, aliniambia akiwa amesimama nyuma ya kiti changu. "Wamesema hawataki kuona kitu red."

"Friday naanza leave," nikamwambia. Tumbo lilikuwa limenitangulia mezani, hata kibodi nilikuwa naifikia kwa kunyoosha mikono.

"Najua. Si kukiwa na shida tutakupigia tu."

Tutakupigia tu! Maneno mawili hayo yalinipandisha presha kuliko chumvi yote niliyokatazwa na daktari. Nilipomzaa Kaindi, mtoto wangu wa kwanza, walinipigia. Nilikuwa wodini, dripu mkononi, nikimsomea Karanja mistari ya msimbo kwa simu huku nesi akinitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Mtoto analia, mimi nasema, "Funga mabano hapo mwisho." Siku ile niliapa kwamba nikijaliwa wa pili, hatasikia neno mabano kabla hajasikia jina lake.

Kwa hiyo shida yangu haikuwa watu wa kaunti. Shida yangu ilikuwa Valarie. Ndiye angebaki na kazi yangu kwa miezi mitatu: msichana mwerevu, aliyeajiriwa mwezi wa pili, mpole hadi anakiomba kiti msamaha akikigonga. Valarie asipoweza kuusoma ule msimbo peke yake kufikia Ijumaa, simu ingelia wodini. Hilo nililijua kama ninavyolijua jina langu.

Jumanne Karanja akaleta dawa yake. Kipimo hupima kila kipande cha msimbo peke yake, sivyo? Basi tukikate kile kikubwa vipande vipande. Alikaa chini mwenyewe na vijana wawili, na kufikia saa sita walikuwa wamekikata vipande thelathini na kimoja: panga_1, panga_2, panga_3, mpaka mwisho. Hakuna kilichofika kumi. Kijani kitupu. Karanja akaagiza samosa.

Mimi nikamwita Valarie. Nikamwambia kliniki ya Muthangari ina mashine inayotengenezwa, aniondolee wagonjwa wake wa asubuhi. Kazi ya dakika kumi. Baada ya saa nzima nilimkuta amefungua madirisha kumi na manne, macho mekundu.

"Nzula, pole. Nikianza panga nne inanituma panga kumi na tisa. Kumi na tisa inanirudisha panga nne. Sijui hata niko wapi."

Nilimfuata Karanja mezani kwake.

"Hiyo kitu haisomeki."

"Si iko green?"

"Umekata ugali vipande ukasema umepungua. Ugali ni ule ule, Karanja!"

"Inspector hatasoma. Ataangalia rangi tu."

"Valarie ndiye atasoma!"

Nikarudi mezani, nikafuta vipande vyote thelathini na kimoja na kuirudisha themanini na saba yetu, nyekundu kama pilipili. Karanja akaingia chumba cha mikutano na kufunga mlango. Samosa zilipoa na hakuna aliyezigusa.

Jumatano nikavuta kiti, nikakaa na Valarie, tukaanza kusoma kutoka juu. Kwa kila "kama" tulitafuta mwenyewe, yaani mgonjwa au kliniki iliyoandikiwa. Tukafika mahali palipoandikwa: kama kliniki ni ya Adams, na siku ni Jumamosi, na mgonjwa ni namba 4417, mruke. Chini yake kulikuwa na maandishi: Usiguse. Muulize Nzula.

"Sasa 4417 ni nani?" Valarie akauliza.

"Simkumbuki."

Tukatafuta maneno hayo kote. Muulize Nzula, muulize Nzula, mara ishirini na sita. Kwa miaka miwili nilikuwa namlaani Dedan, aliyeacha kazi kabla ya Kaindi kuzaliwa, kwamba ndiye aliyetuachia mzigo ule. Tukaangalia majina ya walioandika: Dedan alikuwa na "kama" nne tu. Karibu zote zilizobaki zilikuwa zangu.

Na najua zilivyoingia. Ofisi yetu haijui kusema hapana. Muuguzi mkuu anapiga simu: "Mwanangu, nisaidie na hii moja tu." Mimi nililelewa Mwala, ambako mtu mzima haombi mara mbili. Naongeza "kama" moja, dakika kumi, ananiambia nibarikiwe, nasikia raha. Na hakuna anayeondoa chochote, kwa sababu huwezi jua. Haba na haba hujaza kibaba, na chetu kilikuwa kinamwagika. Ile "muulize Nzula" nayo, niseme ukweli, niliiandika nikijisikia mtu wa maana. Nilijikasirikia hadi mtoto akanipiga teke.

Nikapigia kliniki ya Adams. Sister Peres, muuguzi mkuu, akashika.

"4417? Huyo ni Mzee Kitonga. Ai, mwanangu, huyo tulimzika mwaka juzi."

"Pole, Sister. Na mambo ya Jumamosi?"

"Si alikuwa Msabato? Jumamosi alikuwa kanisani. Mimi ndiye nilikuomba, umesahau? Kwani bado unamwekea Jumamosi yake?"

"Bado, Sister."

Kila asubuhi, kwa miaka miwili, mfumo wetu ulikuwa ukihakikisha kwamba marehemu hasumbuliwi siku ya Sabato. Sister Peres akacheka, kisha akasema jambo lililonichoma kuliko yote. "Na hawa Wasabato wangu wengine watatu je? Nyinyi huwa mnawawekea Jumamosi tu, wanakosa kanisa. Hawana wa kuwapigia simu."

Niliweka simu mezani na kumweleza Valarie. Nilikuwa nimekasirika hata sikujua nimkasirikie nani. Valarie akakuna shingo.

"Pole, ni wazo tu. Si kila mgonjwa aulizwe siku gani hawezi, halafu tuandike kwa record yake? Tutabaki na 'kama' moja. Ya kila mtu."

Nikamtazama. Miaka minne nimekuwa nikimfungulia kila mtu kimlango chake, na huyu wa mwezi wa pili anasema tutoboe mlango mmoja.

Siku hiyo na iliyofuata tulipiga simu kliniki zote kumi na nne. Huyu mgonjwa bado yuko? Mashine hii bado ipo? Nani aliomba hili, na kwa nini? Wengine walikuwa wamepewa figo na ndugu zao wakapona, wengine wamehamia Machakos, wengine tumewazika. Muuguzi mmoja wa Muthangari aliyeomba "kama" sita alikuwa amestaafu na anafuga kuku. Kila baada ya simu Valarie anafuta, mimi natazama. Koo lilinikauka, miguu ikavimba hadi nikavua viatu.

Alhamisi saa kumi na moja jioni kipimo kilisoma kumi na moja.

"Ondoa moja tu," Karanja akasema. Sauti yake ilikuwa ya kuomba sasa. "Moja, Nzula. Iwe green."

Ya mwisho kwenye orodha ilikuwa ya stima: umeme ukipotea, jenereta haiwezi kubeba mashine zote, kwa hiyo nani anasubiri na nani hasubiri. Hiyo ilikuwa na wenyewe, tena walio hai.

"Hapana," nikasema. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kusemwa katika ofisi ile.

Ijumaa mkaguzi alikuja, mama mmoja mwenye miwani mizito, akaona rangi nyekundu na kuuliza ni nini. Karanja akanitazama. Mimi nikamtazama Valarie. Valarie akasimama, akakigonga kiti, hakukiomba msamaha, akaeleza kila njia kuanzia juu hadi chini kwa dakika tano. Mkaguzi akaandika kitu, akasema angependa kuiona kijani siku moja, lakini ameelewa. Nikachukua mkoba wangu, nikaenda nyumbani.

Siku tisa baadaye nikajifungua msichana.

Nililaza simu kando ya mto, sauti juu. Siku ya kwanza haikulia. Siku ya pili alinipigia mama mkwe na mtu wa kuuza bima. Siku ya tatu niliamka nikaitazama ile simu, kimya, na nikahisi hasira inanipanda kifuani. Watu wale wako salama? Wamekufa wote? Hata swali moja?

Nikapiga mimi.

"Nzula!" Valarie akasema. "Kuna shida?"

"Hakuna. Nilitaka tu kujua ile ya jenereta. Stima ilipotea juzi kliniki ya Adams, nimesikia."

"Ilifanya kazi poa. Halafu niliirekebisha jana, nikaitoa ikakaa peke yake. Sasa tuko nane."

"Nane."

"Eee, nane. Green. Na mtoto? Anaitwa nani?"

Mama mkwe alikuwa amenipigia kwa ajili ya hilo hilo, nikamwambia nitafikiria, nikarudi kuitazama simu. Msichana alikuwa ameamka pembeni yangu, macho wazi, ananisikiliza. Siku tatu duniani, jina hana, na tayari ameshasikia habari za jenereta.