Mkono wa Mkwe

Siku Mzee Nsajigwa aliponyang'anywa shamba lake la kakao kwa hukumu ya baraza la ardhi, alikuwa ndani ya shamba hilo hilo, akipogoa matawi. Samansi, barua ya kumwita barazani, ilitumwa kwa posta kupitia sanduku la kanisa, ambalo nusu ya watu wa Ipyana hulitumia. Ilipotelea wapi, hakuna aliyejua. Jirani yake Wilson, aliyerudi kutoka Dar es Salaam akidai shamba lote mpaka mtoni ni lake, alisikilizwa peke yake, akashinda.

"Kubali yaishe, mzee," Wilson alimwambia, amesimama katikati ya mikakao. "Kesi imekwisha."

"Imekwisha kwako. Mimi hata sijaianza."

Nsajigwa akaenda barazani kuomba hukumu ile itenguliwe, kwa kuwa hakuitwa. Siku ya kusikilizwa, wakili wa Wilson, kijana mgeni mwenye suti ya kijivu, alisoma kiapo cha mteja wake: Wilson alimwona kwa macho yake Asifiwe, mkwe wa mzee, akitoka kanisani na barua ile, akaingia nayo uani, akamkabidhi baba mkwe wake mkononi.

Mabenchi ya nyuma yakaangua kicheko. Mwenyekiti akagonga meza. "Kinachochekesha ni nini?"

Nsajigwa akasimama. "Mheshimiwa, wanacheka kwa sababu ni watu wa hapa. Binti huyo tangu aolewe na mwanangu hajanitazama usoni. Nikipita njiani, yeye huingia kwenye migomba. Ndivyo sisi Wanyakyusa tunavyoheshimiana na wakwe zetu."

"Hayo ni ya kale," wakili akasema. "Mzee huyu ni Mkristo, na simu yake ni ya kupangusa."

"Mwanangu sikumwoza simu!"

Watu wakacheka tena. Mwenyekiti hakucheka. Akaamuru Asifiwe aingie atoe ushahidi. Sauti ya mwanamke ikajibu kutoka nje, chini ya dirisha:

"Siwezi, mheshimiwa. Yumo."

"Nani?"

"Mzazi wa mume wangu."

"Mtaje jina."

"Hilo nalo siwezi."

"Basi mzee, toka wewe."

Nsajigwa akashika benchi kwa mikono miwili. Atoke, wazungumze tena nyuma yake? "Sitoki. Mlinihukumu sipo. Leo nipo."

"Asipoingia, nitayatupilia mbali maombi yako. Shamba litakwenda."

Mzee akajikokota mpaka kwenye kona, akaugeukia ukuta, akajifunika koti kichwani. "Aingie. Masikio yangu bado yako barazani."

"Unaligeuzia baraza mgongo? Hiyo ni dharau!"

"Nifunge, mheshimiwa. Ila unifunge nikiwa nimetazama ukuta."

Asifiwe akaingia, kitenge kimeshuka mpaka kidevuni, akitembea ubavu ubavu kama kaa wa majaruba ya mpunga. Akaapa.

"Ulimpa mzee barua?" mwenyekiti akauliza.

"Barua sijaiona. Na ningeiona, ningempa mama mkwe."

"Wilson!" Nsajigwa akaunguruma ndani ya koti. "Marehemu mama yako alipata kumkabidhi babu yako, baba mkwe wake, nini mkononi? Hata chumvi?"

Wilson akatazama viatu vyake. Wakili akamgusa kiwiko ajibu.

"Mwandishi wa kiapo ndiye aliyeandika hivyo," Wilson akanong'ona. "Mimi nilitia sahihi tu."

Mwenyekiti akaandika kwa muda mrefu. Hukumu ikatenguliwa, shauri lisikilizwe upya, pande zote mbili zikiwepo.

Nje, Wilson akajikaza. "Shamba bado si lako, mzee. Tutakutana humu humu."

"Njoo. Ila safari hii uniite mlangoni kwangu. Posta uwaachie wenye haraka."

Akachukua njia ya Ipyana. Mbele yake kitenge kile kikaonekana, kisha kikatoweka kwenye migomba. Nsajigwa akakohoa kwa nguvu, ili ajulikane alipo, akapita akitazama upande wa pili.

"Ndaga fijo," akasema kwa sauti, kana kwamba anaishukuru migomba.

Majani yakatikisika. Akaendelea kwenda, panga lake la kupogolea likimsubiri nyumbani.