Pakee ya Buruburu

Tulipohamia Buruburu mwaka wa sabini na tisa, sebule ilikuwa na pakee, vile vibao vidogo vya mbao vinavyopangwa sakafuni mithili ya mkeka. Mimi, Waithera, niliyelelewa Makongeni kwenye simiti, niliwatambia majirani mpaka wakachoka nami.

Mtu mmoja tu hakutishika: mama mkwe wangu, Warigia. Miaka sita ya ndoa, na bado akija kwetu anaaga watu kwamba anakwenda kwa Bedan, mwanawe. Kwa Bedan! Mimi nilikuwa mpangaji? Iliniuma, sifichi.

Alipokuja kututembelea, Jumamosi nilitoka kwenda kununua nyama. Kurudi, loo, mama kamwaga ndoo nne za maji na anasugua pakee kwa ufagio, vile simiti husuguliwa. Alitaka kunisaidia, masikini. Kufikia Jumatatu vibao vilikuwa vimevimba na kuinuka katikati ya sebule. Nilimpa chai bila kumtazama usoni.

Nikamwita Makokha, fundi wa mbao wa mtaani. Aling'oa vibao, akaviandika namba kwa kalamu ya seremala, akavianika uani. Mama akavuta kigoda karibu naye, akamuuliza jina pakee limetoka wapi. Makokha alifunzwa kazi na Mfaransa, na alipenda sana kuulizwa. Akaeleza kwamba neno ni la Wafaransa, na mwanzo lilimaanisha boma dogo, mahali palipozungushiwa ua. Hata mahakamani kwao, alisema, waendesha mashtaka huitwa hivyo hivyo, kwa kuwa zamani walikuwa na kiboma chao cha kukaa. Nikasema moyoni, vizuri, maana mshtakiwa tunaye.

Mama aliokota kibao kimoja, akakigeuzageuza.

"Kumbe nimelowesha boma la mtu," akasema.

Siku ya kuvirudisha, kibao namba arobaini hakikuonekana. Nilimfokea Makokha, naye akachonga kingine huku akinung'unika kwamba kwake hakukosi kuni hata aibe kibao.

Desemba tulikwenda Murang'a kwa mama. Nilipofika mlangoni nikakiona kile kibao juu ya kabati, kimepakwa nta, kimelazwa kwenye kitambaa cha kufuma. Jirani alikuwa akimuuliza mama ni kitu gani. Mama alikuwa amenipa mgongo, hakujua nimeingia.

"Kimetoka boma la Waithera," alimwambia. "Siku ukienda huko, usimwage maji."