Meza ya Wageni

Karani wa leseni hakumwambia shangazi yake kwamba yale yalikuwa maigizo, na hapo ndipo alipoharibu.

Wageni wanaoikopesha serikali walikuwa wanakuja kuona kama ofisi imebadilika kweli. Pasipo mabadiliko, hakuna mkopo. Basi mkuu wa ofisi akaweka ukumbini meza moja ya kutoa leseni papo hapo, badala ya vile vyumba ambamo mwenye biashara huzungushwa mpaka soli ziishe, akaagiza kila mfanyakazi alete ndugu wa kujifanya mteja. Karani akamleta shangazi aliyemlea, fundi cherehani wa uchochoroni, aliyezeeka akiwakimbia askari wa jiji kwa kukosa leseni. Hajui kuigiza, karani alijitetea moyoni, heri asiambiwe.

Shangazi alipewa leseni kabla kiti hakijapata joto. Akalia kwa furaha, wageni wakapiga makofi. Karani naye akapiga, uso ukimwaka kwa aibu.

Wageni walipotia mguu nje tu, meza ikarudishwa stoo.

"Ile leseni ya shangazi yako ilikuwa ya maonyesho," mkuu alimwambia. "Kesho irudi."

Kesho yake karani hakuhitaji kumfuata. Shangazi alikuwa mlangoni, na nyuma yake mafundi wenzake, wote wamevaa nguo za kutokea.

"Mwanangu ndiye huyu," alijigamba. "Hapa siku hizi hakuna njoo kesho. Meza iko wapi, baba?"

Karani alitamani ardhi ipasuke immeze. "Shangazi... ile meza..."

"Si nilisema?" fundi mmoja akacheka. "Mwenzetu aliota!"

Shangazi alimtazama karani, akaona macho yanavyokwepa, akaelewa. Karani alingoja matusi, yangemfaa. Lakini yule mama asiyejua kuigiza aliwageukia wenzake, akatabasamu.

"Inafutwa vumbi," alisema. "Tungojeni kidogo."

Amenisitiri, karani aliwaza, na mimi nilimwanika. Hakuweza tena kusimama pale. Akaingia stoo, akaikamata meza kwa mikono miwili, akaiburuta hadi ukumbini, miguu yake ikikwaruza sakafu jengo zima likisikia.

Mkuu alichomoka ofisini. "Wewe! Wageni gani tena leo?"

"Si wageni, mkuu," karani alijibu, akimvutia shangazi kiti. "Ni wenyewe."