Rangi ya Babu

Asubuhi ile nilitumwa kwenda kumnyang'anya baba yangu funguo za gari. Aliyenituma ni kaka yangu mkubwa, ambaye nyumbani tunamwita Mwenyekiti kwa sababu huongoza kila jambo akiwa amekaa, tena mbali. Alinipigia simu, akasafisha koo, akasema, "Wewe dada ndiye unayekaa naye. Wewe ndiye unayefaa kumwambia." Hivyo ndivyo Mwenyekiti anavyogawa kazi: uamuzi wake, lawama zangu.

Ila kwa hili hakukosea. Presha ya macho ilikuwa imemla Baba polepole, kwanza pembeni, kisha hata mbele kukaanza kuingia ukungu. Daktari wa macho alimwambia bila kuzunguka kwamba kilichopotea hakitarudi na kwamba asiendeshe gari tena. Baba alimsikiliza kwa heshima zote, akamshukuru, akatoka nje, akawasha gari na kujiendesha hadi nyumbani. Na sasa shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu, naye alishatangaza mezani kwamba atampeleka Chiriku mwenyewe, kama kawaida yake.

Chiriku ni binti yangu. Jina hilo alipewa na Baba kwa sababu ya mdomo wake usiojua likizo. Mimi ningeweza kumwachia Baba gari lake, ubishi wake na heshima yake yote, lakini si mwanangu akiwa kiti cha nyuma. Hapo nilikuwa nimekata shauri. Nilijikaza kisabuni, nikavaa koti, nikatoka uani.

Baridi ya huku kwetu milimani ilikuwa ya kung'ata. Mpira wa maji ulilala chini umekakamaa, na matone yaliyovuja bombani usiku yalikuwa yameganda sakafuni. Baba alikuwa kwenye banda la gari, amevaa koti lake la kazi lenye madoa ya kila rangi aliyowahi kupaka. Maisha yake yote alikuwa fundi rangi, na hata baada ya kustaafu hakukubali koti lile lifuliwe.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umekuja kusaidia au umekuja kusimama?"

"Nimekuja tuongee kidogo."

"Ongea mikono ikifanya kazi. Baridi haimngoji mtu." Akanitupia kitambaa.

Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, ingawa siku hiyo maji yenyewe yalikuwa nusu ndoo tu. Mwenyekiti alikuwa amemtumia Baba chupa ya dawa ya kuoshea gari bila kusuuza. Unatia kifuniko kimoja kwenye maji ya uvuguvugu, unachovya kitambaa, unapangusa, unakausha, basi. Hakuna povu, hakuna mpira, hakuna dimbwi la kuganda uani na kumwangusha Mama. Mwanzoni Baba aliibeza. Alisema kuosha bila kusuuza ni sawa na kula bila kunawa. Kisha akaisoma ile chupa kwa kumsomesha Chiriku kwa sauti, mara mbili, na siku hiyo ndiyo alikuwa anaijaribu. Gari lilikuwa halijaguswa tangu baridi ianze. Lilikuwa na tope mpaka kwenye vitasa.

"Unaanzia juu," alisema. "Paa, vioo, boneti, milango. Chini kabisa mwisho, maana huko ndiko mchanga ulipo. Ukianza chini utaupandisha mchanga wote juu na kuikwaruza rangi. Sehemu moja kwanza. Osha, kausha, ndipo uhamie nyingine. Ukiacha maji yakae kwenye baridi hii, yatakugandia."

"Sawa, mwalimu."

"Na usirudishe upande mchafu wa kitambaa. Geuza. Kikiisha kote, chukua kingine."

Tulianza na paa. Nilipangusa upande wangu, yeye wake, na mvuke wa ndoo ulitupanda usoni. Nikasema, "Baba, kuhusu Jumatatu." Akasema, "Geuza kitambaa." Nikageuza. Tulipofika kwenye vioo nikajaribu tena, na Mama akafungua dirisha la jikoni na kututangazia kwamba sisi wawili tukiugua mapafu tutajiuguza wenyewe. Alitoa sufuria ya maji ya moto ya kuongeza kwenye ndoo, akamvisha Baba kofia kwa nguvu kama anayefunika chungu, akarudi ndani. Na yale maneno yangu nikayameza kwa mara nyingine.

Ndipo nilipoliona fundo. Baba alikuwa na vitambaa vya aina mbili, vya njano vya juu na vya kijani vya kule chini kwenye mchanga. Kila cha kijani alikuwa amekifunga fundo dogo kwenye pembe. Kabla ya kuchukua kitambaa alikuwa anakipapasa kwanza, akilitafuta fundo kwa kidole gumba, huku uso ameuelekeza kwangu kana kwamba anapiga soga tu. Fundi aliyekuwa akiangalia ukuta na kukwambia umepakwa rangi mara mbili badala ya tatu, leo hawezi kutofautisha njano na kijani. Niliumia. Niligeuza uso nikajifanya natafuta ndoo.

Ukutani mwa banda ilikuwa imetundikwa baiskeli ya Chiriku, gurudumu la nyuma limekunjika, na fremu imechubuka upande mmoja. Baba aliipaka mwenyewe siku alipomnunulia, kwa kuchanganya mabaki ya makopo: buluu ya mlango wa jikoni, kijani ya dirisha la mtu fulani, na nyeupe kidogo ya dari. Ilitoka rangi isiyouzwa duka lolote, na hata yeye asingeweza kuichanganya tena ikaja ile ile. Chiriku aliiita rangi ya Babu. Shuleni alimwambia mwalimu kwamba anazijua rangi zote na ile moja ya nyumbani.

Baiskeli hiyo ilipondwa mwanzoni mwa likizo. Chiriku aliiacha nje ya geti akaingia ndani mara moja, na Baba ndiye aliyeikuta imelala kando ya nguzo, alipokuwa anarudi na gari kutoka dukani. Gari la taka lilikuwa limetoka kupita. Baba hakuwa na simile. Siku lilipopita tena alisimama katikati ya barabara na fimbo yake, akamshusha dereva, akamweleza mbele ya mtaa mzima kwamba kama macho yamemshinda akatafute kazi ya kulala. Yule kijana aliapa kwamba hajagusa baiskeli. Hakuna aliyemwamini, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilimwongezea na yangu mawili matatu.

"Unaiangalia nini?" Baba aliniuliza.

"Baiskeli."

"Nitainyoosha baridi ikipungua. Mtu mzembe kabisa yule."

Tukamaliza milango. Kila tulipokausha sehemu, Baba aliingiza mkono kwenye mfuko mwepesi wa plastiki na kuupitisha juu ya rangi, polepole, macho ameyafumba. Alisema mkono ukiwa ndani ya plastiki unasikia hata punje ambayo jicho halioni. Alikuwa akifanya hivyo hivyo kwenye kuta baada ya kupiga msasa. Alipopapasa mlango wa mbele akatikisa kichwa akaniambia nimeacha mchanga chini ya kitasa, na kweli nilikuwa nimeuacha. Akacheka. Alikuwa na furaha, na mimi nilijiona kama mwizi aliyekaribishwa chai.

Ilibaki nyuma, huko chini, upande uliotazama ukuta, ambako tope lilikuwa limegandamana. Baba akachukua kitambaa chenye fundo, akapiga magoti juu ya gunia. Tope hili hakulipangusa moja kwa moja. Alilikamulia maji ya dawa, akangoja lilainike, akalivuta kuelekea chini mara moja moja, akigeuza kitambaa kila mara. Mimi nilifuata kwa kukausha. Niliona tuko mwisho wa kazi, na kwamba nisipolisema sasa sitalisema.

"Baba," nikaanza, "Jumatatu..."

"Hebu ngoja."

Mkono wake wa plastiki ulikuwa umesimama kwenye kona ya bampa. Aliurudisha nyuma, akaupitisha tena.

"Hapa pamebonyea," alisema.

"Labda ni tope."

"Tope limetoka. Pamebonyea, na juu yake kuna mkwaruzo. Hauko ndani, umenyanyuka. Hii ni rangi ya kitu kingine." Akavua mfuko, akapapasa kwa kidole kitupu, kisha kwa ukucha. Akasogeza uso karibu mpaka pua ikakaribia kugusa bampa. Akakaa hivyo kwa muda, akapangusa macho kwa kiwiko, akaangalia tena.

"Rangi gani?" akauliza.

Tangu nimezaliwa sikuwahi kumsikia baba yangu akimuuliza mtu rangi. Watu ndio waliokuwa wakimuuliza yeye. Niliinama nikaangalia. Gari letu ni jeupe, na kwenye weupe ule ulipita mstari wa upana wa kidole, si buluu, si kijani.

Niliijua papo hapo. Akilini nilimwona Baba akitoka getini kinyumenyume asubuhi ile kwenda dukani, kioo cha nyuma kimejaa ukungu, tairi likipanda kitu naye akidhani ni ule ukingo wa geti uliozoeleka. Na niliona kile kiti kidogo cha baiskeli, kitupu.

Sababu ya kumnyang'anya funguo ilikuwa hapo mbele yangu, na nilitaka kuifuta. Nilikuwa na kitambaa mkononi na dawa kwenye ndoo. Ningesema ni nyeusi, ya raba ya tairi la mtu, tukafunika kombe mwanaharamu apite. Halafu Jumatatu ningetafuta sababu nyingine, na Jumanne nyingine. Mzee alikuwa amepiga magoti kwenye baridi, ameinua uso, ananisubiri nimpe macho yangu. Nilishindwa kumdanganya.

"Ni rangi yako, Baba," nikasema. "Ile ya baiskeli."

Aliuweka mkono wake wote juu ya ule mstari, kiganja kikiwa wazi, kama anayepima homa ya mtoto. Ndoo ilikuwa imeacha kutoa mvuke.

"Mtoto alikuwa wapi?" akauliza.

"Ndani."

"Ndani wapi? Si alikuwa anaendesha?"

"Nilimwita aje avae sweta."

"Wewe ulimwita?"

"Nilimfokea. Alikuwa hataki kuja."

"Ulifanya vizuri," akasema. "Ulifanya vizuri sana, mama." Ananiita mama pale tu moyo wake unapomlemea. Nilianza kulia, na machozi yalikuwa moto mashavuni mwangu kuliko kitu chochote kilichokuwa kwenye banda lile.

Hakuniambia ninyamaze. Alikishika kitambaa, akamaliza kuosha bampa mpaka upande wa pili, kwa utaratibu ule ule wa kuvuta na kugeuza. Kisha akaniambia nifungue milango nikaushe raba zake, zisije zikaganda tukashindwa kuifungua kesho. Nilikausha zote. Niliporudi nyuma alikuwa bado yuko chini, na Chiriku alikuwa amefika, na sweta yake, na maneno yake.

"Babu, limekuwa zuri! Babu, Jumatatu tutapita ile njia ya daraja? Babu, kwa nini umekaa chini, husikii baridi?"

"Njoo hapa," Baba alimwambia. Akakishika kidole chake akakiweka kwenye mstari. "Unaijua hii?"

"Rangi ya Babu!" Chiriku akasema kwa furaha, kisha akageuka akaangalia baiskeli ukutani, akarudi kuangalia bampa.

"Si yule wa taka aliyeiponda baiskeli yako," Baba akasema. "Ni mimi. Sikuiona. Siku atakayopita mtaniambia, nikamwombe radhi pale pale barabarani nilipomtukania."

"Mimi pia nitakuja," nikasema, maana na mimi nilikuwa na deni langu kwa yule kijana.

Chiriku akafikiri. "Na kama nisingekuwa nimeenda kuvaa sweta?"

Baba alimvuta, akamkumbatia na lile koti la madoa, akamshikilia hivyo mpaka mtoto mwenyewe akalalamika kwamba linanuka tapentaini. Akamtuma jikoni akamwambie Bibi tunataka chai.

Nilimsaidia Baba kunyanyuka. Magoti yake yalilia. Nilikichovya kitambaa kwenye dawa nikainama kuusugua ule mstari, nikiamini hilo tu ndilo lililobaki la kumfanyia, naye akanishika kifundo cha mkono.

"Hiyo iache."

Akainua mikono yake miwili, myekundu kwa baridi na inachuruzika maji, akageuza kiuno upande wangu.

"Funguo ziko mfuko wa kulia. Toa mwenyewe, mimi nimelowa."

Nikatia mkono mfukoni mwa baba yangu nikazichukua. Zilikuwa na joto lake.

"Najijua," akasema. "Ikifika Jumatano nitazidai. Nitakasirika, nitamwita na Mwenyekiti kwenye simu. Usibishane na mimi. Nilete hapa, unishikishe huu mstari."