Debe Mbili za Hiari

Tusizungushane: siku ile mjinga alikuwa Ekaju. Hata yeye mwenyewe, miaka mingi baadaye, kila alipokaa na wenzake kuzunguka chungu cha pombe kusimulia mambo ya vita, alianzia hapo hapo. "Mjinga nilikuwa mimi," angesema, kisha avute mrija, ameze, afute mdomo. "Sikuwa peke yangu, lakini mimi ndiye niliyeandikwa."

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa tatu, mwaka wa arobaini na tatu. Saa tatu asubuhi Ekaju alikuwa amepiga magoti katika kiwanda cha pamba pale Tororo, akishona midomo ya magunia kwa sindano ndefu kama kiganja chake. Mashine zilivuma, vumbi la pamba limemjaa puani na kwenye kope, na ukimtazama kwa mbali ungedhani mzee wa miaka themanini, kumbe ana thelathini na mbili. Alikuwa akiwachekesha wenzake kama kawaida yake. Ndipo Othieno akaingia mbio, jasho linamtiririka.

Othieno alikuwa Mpadhola wa Rubongi, mpakiaji wa magunia pale pale kiwandani, na rafiki yake wa kutaniana.

"Wee Ekaju, bado unashona? Lori inakuja leo!"

"Lori gani?"

"Ya kubeba wimbi! Ya karani! Askari wa chifu amepita kwetu tangu alfajiri anapiga filimbi. Si Jumamosi tena. Ni leo, saa nane. Mimi nimeshapeleka debe yangu. Na wewe, bwana mkubwa wa debe mbili?"

Wenzake wakacheka. Ekaju naye akacheka, ila sindano ilimchoma kidole.

Jumapili ya nyuma, watu walipotoka kanisani, karani wa chifu, bwana mmoja aitwaye Egesa, alipanda juu ya kiti akatangaza kwamba serikali inaomba msaada. Askari wetu wako mbali wanapigana, alisema, na huku nyumbani kila mtu ajitolee kwa hiari yake. Wanawake wasage unga, wanaume walete wimbi, ule ulezi wa uji; lori lingekuja Jumamosi. Watu wakatazama viatu vyao, wale waliokuwa navyo. Mwaka uliopita mvua ilikuwa imewakimbia, na chumvi yenyewe ilikuwa inapimwa kwa kijiko. Mwishowe Othieno akainua mkono: debe moja. Basi Ekaju akaona haiwezekani mtu wa Rubongi ambebee sifa zote mbele ya kanisa.

"Andika mbili!" akapaza sauti. "Watu ya Molo hawapimi na kikombe!"

Watu wote walicheka. Karani peke yake hakucheka. Karani aliandika.

Na hiari ya miaka ile ilikuwa na meno. Usipoahidi, ulitazamwa vibaya tu. Ukiahidi usilete, jina lako lilihamishiwa kwenye orodha nyingine: mwezi mzima wa kuvunja mawe barabara ya Busia, bila mshahara, na ukirudi unakuta nafasi yako kiwandani imekaliwa na mtu mwingine. Ekaju aliwajua watatu waliokwenda. Mmoja alirudi na jicho moja.

Akaenda kwa nyapara kuomba ruhusa.

"Nenda," nyapara akasema bila kuinua macho. "Lakini ukitoka, leo hukufanya kazi."

"Bwana, nimeshona tangu saa kumi na mbili."

"Nimesema, leo hukufanya kazi."

Akaazima baiskeli ya Othieno, akakimbilia sokoni kwanza. Mwenye wimbi alikuwa mmoja tu, mama Akwi, naye amelifunika beseni lake kwa kanga kama mtu aliyeficha mgonjwa. Bei ya kikombe kimoja ilikuwa bei ya debe zima la kabla ya vita. Ekaju akacheka, akidhani anataniwa. Mama Akwi akaikaza kanga juu ya beseni.

Njia nzima ya kwenda Molo alikanyaga pedali akihesabu saa kwa jua, na jua lenyewe lilikuwa likipotea. Nyuma yake, juu ya jabali la Tororo, mawingu yalikuwa yamejikusanya, meusi, ya kwanza tangu Krismasi. Mashambani watu walikuwa wameinama wakimalizia kulainisha udongo. Mmoja alimpigia kelele: "Ekaju! Mvua hiyo! Ng'ombe zako ziko wapi?" Ekaju akapunga mkono bila kusimama. Mvua ilikuwa shida ya kesho. Yeye alikuwa na shida ya saa nane.

Nyumbani hapakuwa na mtu. Amoit, mke wake, alikuwa ameitwa kwa chifu tangu alfajiri kusaga unga, mtoto wao Alupo mgongoni. Hiyo nayo ilikuwa hiari: majina yaliitwa asubuhi, na mwanamke asiyeitikia, mumewe ndiye aliyeulizwa.

Ekaju akasimama mbele ya maghala ya mkewe, baiskeli imemwegemea kiunoni.

Sasa hapa lazima usimame naye kidogo. Kwa watu wake, ghala ni la mwanamke. Mwanamume hujenga, huezeka, husifu, lakini haingizi mkono humo. Akitaka kitu anaomba, na mkewe akimwambia kimekwisha, basi kimekwisha. Mwanamume anayepanda ghala la mkewe huwa kama amevua nguo sokoni. Ekaju alilijua hilo tangu utotoni. Alikuwa na siku mbili nzima za kumwambia Amoit habari ya ile ahadi, na kila alipofungua mdomo alitoa mzaha mwingine.

Akatazama nyuma, akatazama kando. Akaegemeza gogo, akapanda ghala kubwa, akasukuma paa la nyasi kwa kichwa. Ndani giza. Akanyoosha mkono, akazidi kuunyoosha, hadi akagusa sakafu. Wimbi iliyobaki ilikuwa nene kama mkeka tu.

Kumbe ndivyo walivyokuwa wakila, na yeye kila jioni anauliza mbona uji ni mwepesi!

Ghala dogo lilikuwa nyuma ya jiko, halimfikii kifuani, mdomo wake umezibwa kwa mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Akaupasua kwa ncha ya jembe. Ndani kulikuwa kumejaa mpaka juu.

"Mama Alupo!" akasema peke yake, karibu alie kwa furaha. "Kumbe ni tajiri, na ananinyima!"

Ilikuwa wimbi nyekundu, ndogondogo, imechanganywa na majivu. Majivu hayakumwambia kitu. Kila mwaka Ekaju alilima kwa ng'ombe, na kila mwaka siku ya kupanda alikuta mbegu iko tayari kwenye kikapu mwisho wa shamba, safi, imepepetwa. Hakuwahi kuuliza ilikolala. Na angemuuliza nani, ikiwa mambo ya ghala hayamhusu? Akachota, akajaza gunia, akaona sakafu ya ghala, akalifunga gunia, akalitupa juu ya baiskeli.

Alifika kwa chifu saa nane kasoro. Lori lilikuwa bado. Karani Egesa alikaa nyuma ya meza barazani, kofia pembeni, daftari mbele. Debe lake la kupimia lilikuwa na tabia yake: mtu akimimina, askari hulitikisa, hulipiga kwa magoti, wimbi ikashuka, mtu akaambiwa aongeze. Ekaju alimimina na kuongeza hadi gunia likabaki na vumbi.

"Mbili," karani akasema, akachora mstari. "Umeponea chupuchupu. Nilikuwa nimeshaanza kuandika jina yako upande wa pili."

"Bwana karani, jina yangu ni nzito, ingevunja kalamu yako," Ekaju akajibu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akavuta pumzi hadi tumboni.

Askari akaibeba wimbi hiyo hadi kwenye banda lililokuwa kando. Huko wanawake kama ishirini walipiga magoti mbele ya mawe ya kusagia, migongo ikipanda na kushuka, unga wa askari wa vitani ukianguka kwenye ngozi za ng'ombe. Walikuwa hawajala tangu wafike. Askari akawamiminia kwenye nyungo, huyu kidogo, yule kidogo, na wa mwisho akawa Amoit.

Ekaju akamwona. Akainua mkono kumsalimu.

Amoit alichota konzi, akaiweka juu ya jiwe. Kisha hakusaga. Alipeleka kiganja puani, akanusa. Akaisambaza wimbi kwa kidole, akapuliza, majivu yakaruka. Ilikuwa wimbi ya mama yake, ile inayokomaa upesi, ile pekee iliyozaa mwaka mvua ilipowakimbia. Alikuja nayo kwa Ekaju siku ya ndoa, imefungwa kwenye pindo la nguo. Akainua kichwa na kumtazama mumewe, kisha gunia lililoning'inia kwenye baiskeli.

"Baba Alupo." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hii umetoa wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Ile ndogo… nyuma ya jiko."

Jiwe la jirani likanyamaza. La yule wa pili nalo. Kikongwe mmoja wa Kipadhola, Abbo, akapiga makofi mara moja na kushika mdomo. "Uwii! Mwanaume amepanda ghala ya mke! Na mchana kweupe!"

Wanawake wakacheka kicheko kile cha kumchuna mtu ngozi. Amoit hakucheka.

"Imebaki ngapi?"

Ekaju akajishughulisha na gurudumu la baiskeli.

"Baba Alupo, nimeuliza imebaki ngapi."

"Hakuna."

"Mvua iko pale juu ya jabali," Amoit akasema. "Kesho ikishuka utapanda nini? Utapanda zile maneno ulisema kanisani? Ndiyo, nilisikia. Nilisikia siku ile ile. Nilingoja uniambie. Nilikuwa nimeshaomba debe moja kwa dada yangu Ariokot, nyingine nikusanye kidogokidogo. Kazi yako ilikuwa kuniambia tu."

Ekaju alijitafutia mzaha. Miaka yote hiyo hakuwahi kukosa. Alipekua kichwa chake kama alivyokuwa amepekua lile ghala kubwa, na mkono ukagusa sakafu.

Karani Egesa akaja kwa haraka, daftari kwapani. "Mbona mawe imenyamaza? Lori iko karibu!"

"Bwana karani," Amoit akasema, "hii si chakula. Ni mbegu. Nitakuletea debe mbili ya chakula Ijumaa."

"Mbegu, chakula, kwangu ni debe mbili. Imepimwa, imeandikwa. Sasa ni mali ya serikali. Saga."

"Sisagi."

Karani akageuka. "Ekaju! Hii kitu umeleta ni yako au si yako? Fikiri vizuri. Kama ni yako, mwambie mke wako asage. Kama si yako, umedanganya serikali wakati ya vita, na barabara ya Busia unaijua."

Mtoto Alupo alianza kulia mgongoni. Ekaju aliiona sindano yake ya kiwandani ikiwa mkononi mwa mtu mwingine. Aliona mawe ya barabara. Alimwona yule aliyerudi na jicho moja. Ilimtosha kusema neno moja tu, "Yangu," aende nyumbani akale uji mwepesi.

"Si yangu," akasema. "Ni ya mama Alupo. Niliingia kama mwizi."

"Sawa." Karani akafungua daftari, akaandika akiwa amesimama. "Kesho alfajiri, na jembe na blanketi. Mwezi moja. Na wimbi inabaki."

"Bwana karani! Mwezi umechukua, na wimbi tena?"

"Mwezi ni adhabu. Wimbi ni hiari."

Wakati wao wakibishana, Amoit alikuwa akifanya kazi. Alikuwa amechukua gunia kutoka kwenye baiskeli, akazungukia nyungo moja moja, na kila mwanamke alimmiminia kilichokuwa mbele yake bila kuulizwa, Abbo akipangusa jiwe lake kwa kiganja hata chembe ya mwisho. Gunia lilipojaa, Amoit akalifunga kwa kitambaa cha kichwa, akaketi juu yake. Akamvuta Alupo mbele na kumpa ziwa.

Askari akapiga hatua. Abbo akainuka polepole, magoti yakilia, akasimama katikati. Mwingine akainuka. Kisha wote, unga mikononi, nyuso nyeupe, wakamtazama askari kama wanaomtazama mtoto wao aliyekosa adabu. Askari akamwangalia karani.

Kutoka upande wa barabara ngurumo ikasikika. Hakuna aliyejua kama ni lori au ni mvua.

"Rudini kwenye mawe!" karani akapiga kelele, sauti imempanda. "Nyinyi wanawake mnacheza na serikali? Hii vita ni ya kila mtu! Kila nyumba lazima itoe!"

Amoit alimbadilisha mtoto upande, akamtazama kutoka pale chini alipoketi.

"Ya kwako imetoa debe ngapi, bwana karani? Ilete hapa, tutasaga hiyo kwanza."