Beseni la Langoni

Udongo wa kaburi la Molefi ulikuwa bado kwenye viatu vyao, na tayari walishafungulia muziki.

Tefo, mdogo wake, alisimama langoni kwa marehemu, hapo Mangaung, akiwatazama tu waombolezaji. Kila fulana ilikuwa na picha ya Molefi kifuani, anacheka, na juu ya kicheko kile povu la bia linamwagika. Wenyewe wanaita kufuta machozi. Ukishazika, ukanawa mikono langoni, ukala, unafuta machozi kwa chupa. Molefi naye Jumamosi iliyopita alitoka kumfutia machozi jirani aliyezikwa, akashika usukani. Lori la mahindi aliloligonga lilikuwa limewasha taa zote. Barabarani hapakukutwa hata alama ya breki. Jicho liliona, mguu haukupata habari.

"Molefi angependa hivi!" rafiki yake mmoja alipiga kelele, chupa juu.

"Molefi angependa kuwa hai," Tefo alisema. Nani amsikie?

Mara akaja Mjomba Ramosa anazungusha ufunguo kidoleni. Mama alishakaa kiti cha mbele cha gari lake, blanketi mabegani, akisubiri kurudishwa kwake Thaba Nchu.

"Mjomba, mwache mama alale hapa. Kesho nitamtafutia gari lingine."

"Kwani langu lina ukoma?"

"Gari halina neno. Wewe umekunywa."

"Nimekunywa, sijalewa! We mtoto, nimeanza kuendesha wewe hujaotwa hata ndotoni. Tena nikipata mbili tatu ndiyo natulia vizuri."

"Mwambie, mzee!" vijana wakadakia. "Shule alikimbia, leo kawa daktari!"

Mama akashusha kioo. "Tefo, mheshimu mjomba wako."

Hapo ndipo damu ilipomchemka. Heshima! Jumamosi ile wote walimwona Molefi anayumba, wakamfungulia lango, wakampungia mkono. Kwa heshima hiyohiyo. Pombe ni mwizi mjanja: cha kwanza inaiba ile akili ya kukwambia umelewa. Ikishaondoka hiyo, kila mlevi dereva bingwa.

Lakini mjomba hanyang'anywi ufunguo na mtoto wa dada yake. Kwa Wasotho haifanyiki. Tefo akainama, akainua beseni la maji yenye vipande vya mshubiri, lililobaki pale tangu watu watoke makaburini.

"Haya, Mjomba. Ila mikono yako ina mafuta ya nyama, usukani utateleza. Nawa kwanza."

"Umeona? Sasa ndiyo unaongea kama mpwa wangu."

Tefo akalishika beseni kwa mikono miwili, akalibana kifuani lisitikisike. Mjomba akapeleka mikono. Ikapita pembeni, nje kabisa, ikaanza kusuguana hewani, kidole kwa kidole, taratibu, kama vile maji yapo. Watu wakaangua kicheko. Mjomba naye akacheka, hajui anachekwa nani. Ufunguo ukamponyoka, ukaanguka mchangani. Hakusikia. Akaendelea kunawa.

"Mjomba," Tefo alisema, "beseni limesimama. Nimekushikia. Na umelikosa. Lori nani atakushikia?"

Kicheko kikakatika.

Mlango wa gari ukafunguka. Mama akashuka polepole, akaokota ufunguo, akaufunga kwenye pindo la blanketi lake.

"Nenda kalale, Ramosa."

"Dada, unaniaibisha mbele za watu."

"Aibu utaamka nayo kesho. Bora uamke."

Mjomba akabaki anaitazama mikono yake, mikavu, ina mafuta bado.

Nyuma yao gari likaunguruma. Ni yule rafiki wa "Molefi angependa hivi," ameshaelekeza pua ya gari langoni, anapiga honi wampishe, picha ya marehemu imelowa bia kifuani. Tefo akatembea na beseni lake mpaka katikati ya lango, akasimama.

"Zima gari," akasema. "Shuka unawe."