Chai ya Meza Kuu

Nelvine alikuwa muonja chai katika kiwanda kimoja karibu na Litein, na siku alipoamua kusema ukweli alifanya kosa moja: aliamini bango. Lilibandikwa mlangoni mwa kantini, likisema mfanyakazi akiona uovu apigie simu hedi ofisi na jina lake halitajulikana. Uovu alikuwa ameuona. Gunia la sumu ya panya lilipasuka ghalani juu ya majani yaliyokauka tayari, na meneja Benard akaamuru yachekechwe, yatiwe kwenye pakiti, wakulima wapewe kama zawadi siku ya mkutano wao mkuu. Basi Nelvine akapiga simu huku ameibana pua ili sauti isijulikane.

Waungwana wa hedi ofisi walisikiliza, wakashukuru, kisha wakampigia Benard kumpa pole.

Asubuhi Nelvine akaitwa ofisini.

"Nelvine, kuna mtu ametuuza," meneja akasema. "Ni mwanamke, na ana homa ya mafua. Hapa mimi naamini wewe tu. Nitafutie huyo mtu kabla ya mkutano."

Basi akawa mpelelezi wa kujitafuta mwenyewe. Alizunguka kiwanda kizima akiwauliza akina mama kama pua zimeziba, wao wakala vitunguu saumu na kumeza chafya zao kwa hofu. Nelvine alikuwa anakaribia kucheka, mpaka Moureen, mpishi wa kantini, alipokaanga pilipili na kupiga chafya mbele ya meneja.

"Ni huyu!" Benard akafoka. "Nitamfuta kazi mbele ya wakulima wote, wengine wajifunze."

Kicheko kikamkauka Nelvine. Moureen analia jikoni kwa kosa lisilo lake, na zile pakiti zimepangwa vizuri, zimefungwa utepe. Akisema, nani atamwamini? Benard ndiye aliyeliezekea kanisa mabati. Nelvine alijiona mwoga, akachukia. Hasira hiyo ndiyo iliyompa akili.

Siku ya mkutano wakulima walijaa uwanjani kutoka Litein hadi Ndanai. Meneja alikuwa ameanza kumtaja Moureen pale Nelvine alipofika meza kuu na birika kubwa linalofuka moshi.

"Samahani, bosi," akasema kwenye maikrofoni. "Nimefungua pakiti moja ya zawadi nikapika. Nyumbani mursik, maziwa yetu ya kibuyu, haimfikii mgeni kabla mwenye boma hajaonja. Leo sisi kiwanda ndio wenye boma. Bosi, onja, wakulima wapokee."

Wakulima wakapiga makofi. Ilikuwa desturi yao, nani angekataa?

Benard akaitazama chai kama mtu aliyeonyeshwa nyoka. "Daktari amenikataza chai," akasema.

Nelvine akamimina kikombe cha mkubwa wa hedi ofisi. Huyo naye, kumbe, ana vidonda vya tumbo. Mhasibu alikuwa amefunga kwa maombi, ingawa shavu lake bado lilikuwa limejaa mandazi. Wakubwa wa kampuni ya chai, na hakuna hata mmoja anayeruhusiwa kunywa chai! Minong'ono ikaanza nyuma, ikaja mbele.

"Basi mnipe mimi," akasema Pasta Isaiah wa kanisa lile la mabati, ambaye hakuwa ameambiwa lolote. Akafumba macho, akabariki kikombe, akakiinua.

"Pasta, usinywe!" Benard akaruka, akakipiga kikombe kikaanguka. "Iko na sumu!"

Maikrofoni ilikuwa wazi. Hata ng'ombe wa ng'ambo ya bonde walisikia.

Wakulima waliinuka. Mkubwa wa hedi ofisi akatafuta gari lake, akakuta wakulima wamekaa juu ya boneti. Moureen akasimama akiwa bado ameshika mwiko, akawataka waende ghalani kabla ya pakiti moja kutoka, nao wakaenda, chifu akiwa mbele.

Benard alibaki kitini, jasho likimtoka. "Nani aliyepiga ile simu?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Uliniambia nimtafute," Nelvine akasema. "Nimempata."

Akajimiminia kikombe kutoka kwenye birika lile lile. Benard akapiga kelele. Nelvine akanywa polepole mpaka mwisho, kwa raha, maana ilikuwa chai ya shamba la mama yake, aliyoichuma na kuikausha mwenyewe, na katika maisha yake yote ya kuonja hakuwahi kupata tamu kama hiyo.